Somo: Tupange Ngitili Kabla Shoka Halijaingia

Ndugu wasomaji, leo tunasoma habari za msitu. Hatusemi ule msitu wa mbali unaolindwa na askari wenye bunduki. Tunasema kile kipande kilichobaki nyuma ya kitongoji, penye njia ya ng'ombe, vichuguu, visiki vingi na miti michache. Kila siku tunapita hapo kwenda machimboni, shambani au kuchota maji. Tunakiona, lakini hatukitazami. Somo la leo ni namna ya kukipanga kipande hicho ili kitufae sisi, mifugo yetu, na viumbe wengine wanaoishi humo.

Neno kubwa katika somo hili ni NGITILI. Wasomaji Wasukuma wanalijua tangu utotoni. Kwa ndugu zetu waliokuja Rwamgasa kwa ajili ya dhahabu kutoka mikoa mingine, tunaeleza. Ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti ipate kukua. Ng'ombe hawaingizwi. Kiangazi kikifika, kama mwezi wa Julai au Agosti, malisho ya nje yakiwa yamekwisha na mabua ya shambani yameliwa, ngitili hufunguliwa. Haifunguliwi yote kwa siku moja. Hufunguliwa sehemu baada ya sehemu, na wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, maksai wa kulimia na wale waliodhoofika. Wazee walibuni mpango huo zamani sana, kabla hajaja mtaalamu yeyote.

Sasa mtu atauliza: sisi ni watu wa machimbo, ngitili inatuhusu nini?

Inatuhusu sana. Tazama duara moja tu. Udongo wa juu ni laini, hujimwaga. Ili wachimbaji wasifukiwe, kuta za duara huzuiwa kwa matimba, yaani magogo yanayopangwa kutoka juu kwenda chini. Duara likishuka mita nyingine, matimba mengine yanahitajika. Magogo yale yakioza hubadilishwa. Juu ya hayo kuna miti ya vibanda, kuna kuni za mama lishe wanaopikia mamia ya watu, na kuna mkaa. Hivyo dhahabu hutoka chini ya ardhi kwa gharama ya msitu ulio juu. Tena tusidanganyane: bila matimba watu hufa. Kwa hiyo hatuwezi kusema, "Acheni kukata miti," tukaenda zetu nyumbani. Tunachoweza kusema ni kwamba mti wa kukata upangwe mahali pake na mwaka wake.

Kwanza tuwatazame jirani zetu wa Shinyanga, kwa sababu jambo hili walilipitia kabla yetu, na walilipa gharama.

Zamani Shinyanga ilikuwa na misitu ya miombo na migunga. Wakati wa ukoloni, kuanzia miaka ya 1920, sehemu kubwa ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o walioleta maradhi ya malale na nagana. Dawa ya siku zile ilikuwa shoka: ondoa kichaka, mbung'o akose kivuli. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikatakiwa. Katika miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, familia nyingi ziliacha maboma yao ya zamani, na ngitili zao zikabaki bila mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe kila mtu hukichukua. Ilipofika miaka ya 1980, vumbi lilikuwa limetawala, na watu waliita mkoa ule jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi ulioitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu na miche, na mingi kati ya miche hiyo ilikuwa ya miti ya kigeni. Baadaye wataalamu na wananchi walikaa pamoja, ikaonekana kwamba dawa ilikuwa mlangoni siku zote. Ni ngitili. Watu wakaanza kufunga tena maeneo yao, wengine kwa familia, wengine kwa kijiji, shule au kikundi. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki na kujulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Hekta moja ni kama ekari mbili na nusu. Msomaji mwenye kalamu azidishe, aone ni ekari ngapi.

Mwaka huo wa 2004 wachunguzi walihesabu faida za ngitili: kuni, miti ya kujengea, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa, matunda ya porini, uyoga. Walikadiria kwamba kwa mtu mmoja faida hiyo ilikuwa kama dola 14 za Kimarekani kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa kama dola 8 na nusu. Katika ngitili zilizofufuka walikuta aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Wale ndege hakuna aliyewaletea chakula. Walirudi kwa sababu makao yao yamerudi.

Lakini fisi nao walirudi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu baadhi ya watu hueleza habari za msitu kama hadithi tamu isiyo na mwiba. Fisi walikula mbuzi, na ndege na wanyama wengine waliharibu mazao. Anayepanga ngitili lazima apange pia zizi imara. Asipofanya hivyo, mwaka wa pili mwenye mbuzi atakuwa wa kwanza kuomba kichaka kifyekwe.

Mfano mwingine tunao katika mkoa wetu wa Geita, kule ziwani: kisiwa cha Rubondo, ambacho kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa pale sokwe waliokuwa wakifugwa Ulaya katika bustani za wanyama, wakaachiwa msituni. Twiga na tembo nao waliletwa. Hebu fikiri, sokwe aliyezoea kupewa ndizi mkononi anatupwa msituni ajitafutie! Walijitafutia, wakazaa, na hadi leo wazao wao wapo. Msitu mnene wa Rubondo ulikuwa na chakula, kivuli, maji na mahali pa kulala. Vitu hivyo vinne ndivyo tunavyoita makao ya mnyama. Ukitaka kujua kama ngitili yako inafaa kwa ndege, nyuki au digidigi, uliza hivyo vinne: chakula, kivuli, maji, malazi. Kimoja kikikosekana, kiumbe huyo huhama.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tuseme kijiji chetu kimebakiwa na eneo la ekari 90 kati ya vitongoji viwili. Juu kuna mlima wenye mawe, katikati kuna miombo iliyokatwakatwa, chini kuna chemchemi na kijito. Pembeni kuna maduara sita, na mashimo ya zamani yaliyoachwa.

Kazi ya kwanza ni kutembea. Msiende viongozi peke yenu. Mwende na mzee anayekumbuka mipaka ya zamani, mama anayekwenda kuokota kuni, kijana mchungaji, mrina asali, na wawakilishi wa wachimbaji. Kila mmoja ana macho yake. Mama atasema kuni kavu zilikuwa wapi na sasa ziko wapi. Mchungaji atawaonyesha ng'ombe wanapopenda kulala. Mrina asali ataonyesha mti wenye tundu ambao sisi wengine tungeukata, tukidhani umekufa na hauna kazi. Mkimwacha mchimbaji nje ya msafara huu, mtamkuta baadaye ndani ya ngitili akiwa na shoka, naye atasema kwa haki yake, "Mbona sikuambiwa?"

Mkirudi, chora ramani. Chora kwanza chini, kwenye vumbi. Majivu yawe njia, majani yawe msitu, mawe yawe nyumba, kamba iwe kijito. Ramani ya vumbi ni nzuri kwa sababu kila mtu anaweza kuisahihisha kwa kidole, hata yule ambaye bado hajajua kusoma. Wakishakubaliana wote, mwenye mwandiko mzuri aihamishe kwenye karatasi kubwa. Hapo ndipo sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunapolipa deni letu. Tuandike majina ya mahali kama yanavyoitwa na wenyeji, na tarehe, na majina ya waliokuwepo. Mashimo mafu yaonekane kwenye ramani. Chemchemi ionekane. Makaburi yaonekane. Mialo nayo ionekane, yaani pale mawe yaliyosagwa kwenye karasha yanapooshwa ili kupata dhahabu.

Kuhusu mwalo tusimame kidogo. Wengi wetu tunajua zebaki inavyotumika kukamata dhahabu. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 Umoja wa Mataifa ulikuwa na mradi wa kupunguza madhara ya zebaki, na Rwamgasa ilikuwa moja ya mahali ulipofanya kazi. Zebaki haiishii kwenye karai. Nyingine hupanda hewani kama moshi inapochomwa, na nyingine hubaki katika marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Mvua ikinyesha, lundo la marudio lililoko kando ya kijito hutiririkia majini, likaingia katika matope, wadudu, samaki, na mwisho sahani yetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa ikiwa zinaweza kuharibu mahali hapo. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Pima kwa miguu yako mwenyewe. Kama mwalo uko ndani ya hatua hizo, hapana sababu ya kuhangaika na ndege wa juu ya mlima. Anza na kuhamisha mwalo.

Baada ya ramani, gawanyeni eneo. Sisi tunapendekeza sehemu tatu, lakini kila kijiji kina hali yake.

Sehemu ya kwanza ni ya kulala. Hii haiguswi na shoka wala kwato. Iwe pale penye chemchemi, kandokando ya kijito, na kwenye mteremko mkali wa mlima. Ikatwe pale, mvua mbili tu zitashusha udongo wote chini. Acheni ukanda wa miti usiokatika kutoka mlimani hadi kijitoni, ili mnyama mdogo aweze kushuka kunywa maji bila kupita uwanjani penye mbwa na watoto wenye manati. Katika sehemu hii msifanye usafi. Jambo hili huwashangaza watu. Tumezoea kwamba mahali pazuri ni pale palipofagiliwa. Uwanja wa nyumba, sawa, ufagie. Msitu si uwanja. Gogo lililoanguka ni nyumba ya wadudu, na wadudu ni chakula cha ndege. Mti mkavu wenye tundu ni nyumba ya hondohondo na nyuki. Majani yaliyooza ndiyo mbolea, na ndiyo sifongo inayoshika maji ya chemchemi.

Sehemu ya pili ni ya malisho, ile ngitili yenyewe ya wazee, inayofungwa na kufunguliwa. Andikeni tarehe ya kufunga na mwezi wa kufungua. Andikeni pia ni ng'ombe gani waingie kwanza. Msipoandika, mwenye ng'ombe 200 ataingia kabla ya mjane mwenye ng'ombe wawili, na nyasi zitakwisha kwa wiki moja.

Sehemu ya tatu ni ya kukata kwa zamu. Huku ndiko yatakakotoka matimba, miti ya kujengea na kuni. Na huku ndiko penye elimu ambayo wengi hatuijui, basi tukae hapa kidogo.

Kuna watu ambao wakisikia kutunza msitu hukimbilia kuomba miche. Miche ni mizuri, tutaisema. Lakini miti mingi ya miombo ina siri yake: ukiikata, mizizi haifi. Kisiki si maiti. Chini ya ardhi kuna mizizi mikubwa iliyokwisha jenga akiba kwa miaka mingi. Mvua ya kwanza kisiki huchipua, na chipukizi lake hukimbia kuliko mche wowote, kwa kuwa lina mizizi ya mzazi. Kinachoua kisiki ni ng'ombe wanaokula machipukizi kila mwaka, moto mkali unaounguza kila mwaka, na watu wanaong'oa hata mizizi ili wachome mkaa. Ondoeni hayo matatu, na ekari iliyoonekana kufa itajifunika yenyewe. Tena sisi Geita tunapata mvua nyingi kuliko Shinyanga. Kama kule ngitili zilifufuka, sisi tutakuwa na udhuru gani?

Mnapokata, kateni chini karibu na ardhi, kwa msumeno au shoka lenye makali, na mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki na kukiozesha. Msichane gome. Kateni kiangazi kinapoelekea mwisho, ili machipukizi yapate mvua mara moja. Katika kila ekari acheni miti kadhaa mikubwa, iliyonyooka, isikatwe kabisa. Hiyo ni miti mama, itoe mbegu. Mininga, kwa mfano, inatafutwa sana kwa mbao, na isiyoachwa kuzaa hupotea. Baada ya mwaka mmoja au miwili rudini. Kisiki kimoja kitakuwa na machipukizi labda kumi. Acheni mawili au matatu yaliyonyooka, mengine mpunguze, myachome kama kuni. Mkiyaacha yote kumi mtavuna fito, hamtavuna matimba.

Kisha hiyo sehemu mliyokata ifungwe mpaka zamu yake irudi. Hapa ndipo panapohitaji moyo. Miaka inapita, miti inapendeza, mnunuzi anakuja na fedha mkononi, na mtu mmoja katika mkutano anasimama na kusema, "Jamani, mwaka huu tu." Karatasi iliyoandikwa ndiyo itakayomjibu.

Sasa habari ya moto. Kila mwaka vichaka vyetu huungua. Mwingine amechoma ili nyasi changa zichipue, mwingine amerina asali akaacha kijinga, mwingine ametupa sigara. Moto wa Septemba na Oktoba ndio mbaya kuliko yote. Nyasi zimekauka kama karatasi, upepo unavuma, na moto hupanda hadi matawini na kuua machipukizi yote. Moto wa mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, hutambaa taratibu na kuzimika mapema. Kwa hiyo wataalamu wa misitu wakati mwingine huchoma mapema kwa makusudi, ili moto mkali ukija ukose chakula. Nchi nyingine hufanya vivyo hivyo. Kule Marekani, wilaya yenye mji wa Chicago, iitwayo Cook, imehifadhi karibu ekari 70,000 za misitu na mbuga kwa ajili ya wananchi wake, na watumishi wenye mafunzo huchoma vipande vyake kwa mpango, kwa siku maalumu yenye upepo mdogo. Hata mji mkubwa wenye maghorofa umeona faida ya kuwa na ngitili yake! Lakini ndugu msomaji, usisome hapa kisha ukachukua kiberiti. Kuchoma kwa mpango kunataka kibali na mtu anayejua. Ulizeni kwa afisa misitu. Kazi yetu ya kila mwaka ni moja: kusafisha barabara ya moto kuzunguka ngitili, yaani ukanda uliolimwa au kufyekwa nyasi zote, upana wa hatua kama sita au kumi. Moto ukifika hapo unakosa cha kula.

Na yale mashimo mafu? Mbuzi hutumbukia, watoto hutumbukia, na maji yakijaa mbu huzaana. Shimo lililo ndani ya ngitili lizibwe. Likiwa haliwezi kuzibwa mara moja, lizungushiwe miiba au minyaa. Wakati wa kuziba, mawe na kifusi viende chini, udongo mweusi uje juu, kwa kuwa mbegu hazioti kwenye kifusi. Kwa maduara mapya jambo ni rahisi zaidi: siku ya kwanza ya kuchimba, ule udongo mweusi wa juu uwekwe pembeni peke yake, usichanganywe na kifusi. Siku duara linapofungwa, udongo huo unarudi mahali pake. Kazi hiyo inaanza siku ya kwanza. Duara likishafika mita 40 huwezi kuutafuta tena ule udongo.

Tumesema miche tutaisema. Matimba yanayohitajika machimboni ni mengi kuliko uwezo wa kichaka kimoja, kama tutakavyoona kwenye hesabu. Basi mwenye duara apande. Mijohoro hufaa, maana ukiikata huchipua vizuri. Mikaratusi hukua haraka, lakini hunywa maji mengi, isipandwe karibu na chemchemi wala kijito. Mahali pake ni mipaka ya mashamba na maeneo yaliyokwisha kuchoka. Misihamishie ndani ya ngitili, maana chini ya mikaratusi mingi nyasi hazioti vizuri, na ndege wa miombo hawapati chakula chao.

Mpango ukishakamilika, uende wapi? Usibaki kwenye sanduku la mwenyekiti. Halmashauri ya Kijiji iujadili, kisha upelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambako kila mtu mzima ana sauti. Mkutano ukikubali, kijiji hutunga sheria ndogo, nazo hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake na kuusimamia. Baada ya hapo eneo lina jina, lina mipaka na lina karatasi.

Kwa nini tunasisitiza karatasi? Kwa sababu tunaishi juu ya dhahabu. Madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Taifa, hata kama ardhi ya juu tunailima sisi. Leseni moja ya mchimbaji mdogo wa dhahabu inaweza kufika hekta 10, yaani kama ekari 25. Tena siku zikisikika habari kwamba mtu ameokota jiwe lenye dhahabu mahali fulani, watu huja kwa mamia usiku huohuo, na asubuhi kichaka kimekuwa mji wa maturubai. Karatasi haizuii kila kitu, hatusemi uongo. Lakini eneo lililopimwa na kuandikwa linamlazimu anayekuja akae mezani na kijiji, aseme atachimba wapi, atapata wapi matimba, na ataziba lini. Eneo lisiloandikwa, yeye huanza na shoka, na mazungumzo hufuata nyuma.

Jambo jingine ambalo mkutano usilikwepe ni nani atafaidi. Huko Shinyanga, pamoja na sifa zote, palionekana tatizo hili: wenye uwezo walijitwalia ngitili kubwa, na maskini wakakosa hata mahali pa kuokotea kuni. Mama aliyezoea kuokota bure sasa anatakiwa alipe. Hiyo si hifadhi, ni uzio. Kwa hiyo andikeni wazi: kuni kavu zilizoanguka kila mama aruhusiwe kuokota, siku fulani za wiki. Mizinga iwekwe na kikundi chochote kitakachoomba. Matimba yauzwe kwa stakabadhi, na fedha zisomwe mbele ya mkutano: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimenunua nini. Katika kamati wawemo wanawake, na si wa kujaza viti tu. Wao ndio wanaoingia ngitilini kila siku. Wanajua mwizi kabla ya mlinzi.

Na ulinzi wenyewe? Wasukuma wana dagashida, yaani baraza la kijadi, na wana sungusungu. Huko Shinyanga mabaraza hayo ndiyo yaliyosimamia ngitili nyingi, kwa kuwa mtu huogopa aibu ya mbele ya jirani kuliko faini ya ofisini. Kwetu Rwamgasa watu ni wa makabila mengi, na wengine wana miezi mitatu tu tangu wafike. Hao hawajui dagashida ni nini. Basi kila mwenye duara anapoajiri mgeni amweleze mipaka siku ya kwanza, na kila anayepeleka matimba machimboni awe na stakabadhi mkononi. Mlinzi hana haja ya kukimbizana na watu porini usiku. Asimame asubuhi kwenye mdomo wa duara aulize, "Haya matimba yametoka wapi?"

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Kaeni katika kikundi, mmoja asome, mwingine aandike. Namba za ekari na matimba ni za kujifunzia tu, mkimaliza wekeni za kwenu.

Eneo letu ni ekari 90. Sehemu ya kulala ni ekari 15. Malisho ni ekari 15. Zinabaki ekari 60 za kukata kwa zamu. Tuseme chipukizi linahitaji miaka 12 ili lifae kwa matimba. Gawanya 60 kwa 12. Jibu ni ekari 5 za kukata kila mwaka. Ekari moja, baada ya kuacha miti mama, tuseme inatoa matimba 40. Ekari 5 zitatoa matimba 200 kwa mwaka.

Kijiji kina maduara 6, na kila moja, tuseme, linatumia matimba 150 kwa mwaka. Zidisha. Jibu ni 900.

Ngitili inatoa 200. Yanayotakiwa ni 900. Andikeni kwenye daftari: matimba 700 yaliyobaki yatatoka wapi, na ni nani kati ya wenye maduara hao sita atakayeanza kupanda mvua hizi?